Nilivyomchagulia bastola mdogo wangu mwenye mwili mkubwa, nikiwa Birmingham na sijawahi hata kugusa moja

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo nina la kusema. Haya yametokea kwetu, kwa mdogo wangu wa tumbo moja, na yeye mwenyewe ameniruhusu niyaandike. Chumvi sitaongeza, na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga.

Wajuzi wa silaha mpo, najua. Mimi si mjuzi. Naishi nchi ambayo raia wa kawaida hamiliki bastola, na hata kisu cha kumenyea viazi ukitembea nacho barabarani bila sababu ni kesi. Lakini bastola nimechagua, na nimechagua vizuri.

Ngoja nieleze taratibu.

Kwetu ni Kigoma. Tulizaliwa wanne, mimi dada mkubwa. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, mimi nikiwa kidato cha pili. Nikaivua sare, nikaifua, nikaikunja na kumwekea mdogo wangu wa kike. Mimi nikaanza kukaanga mihogo stendi.

Ndugu walitaka kutugawana, huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba. Nikasema hatugawanywi. Hatukugawanywa.

Wa mwisho ni Fadhili. Fadhili ana mwili. Darasa la tano alishavaa viatu vya mwalimu. Leo ana kilo mia na arobaini na kitu, na mlangoni anainama. Watu wakimwona wanaona mtu mnene. Mimi naona ugali wa muhogo na dagaa nilizozitafuta mwenyewe. Mwili ule nimeulea, na sijawahi kuuonea aibu.

Yeye aliuonea. Hapo ndipo mkasa ulipoanzia.

Fadhili yuko Texas, alipata ile bahati nasibu ya green card. Amebeba maboksi, amefagia maghala, mwishowe akapata kazi ya ulinzi kwenye duka la vito. Ulinzi wa nguo za kiraia. Unakaa mle ndani kama mteja, una bastola chini ya nguo, na mteja hatakiwi kuiona. Vibali vyote anavyo. Ila bastola unanunua mwenyewe, na unafanyiwa mtihani wa kuitoa chini ya nguo na kulenga shabaha kwa muda uliowekwa.

Nyumbani kwetu kuna utaratibu. Hakuna anayefanya jambo zito kabla hajaniambia. Si kwamba wananiogopa, ndivyo tulivyovuka. Basi akanipigia video call.

"Dada, nimekuja na ombi."

"La harusi?"

"La bastola."

Nikakaa chini.

Tuliongea karibu saa nzima. Niliporidhika kwamba ni kazi halali na si mambo ya kujionyesha, nikatoa baraka. Kisha nikaongeza neno ambalo hakuniuliza. Nikamwambia, "Nunua ndogo kabisa. Wewe ulivyo, hata leso mfukoni inaonekana."

Akacheka. Wakuu, kicheko kile kilikuwa cha adabu tu. Mtu anayeuonea mwili wake aibu, na mimi niliyemlea nikampigilia msumari. Ujinga wangu ndio huo, nimeuandika.

Akanunua kibastola kinachotoshea kwenye kiganja. Akakiweka mbele, chini ya tumbo, kwa sababu kwenye video vijana wote wanaweka hapo. Vijana wenyewe wembamba kama fito.

Siku ya mtihani ikawa hivi: anyanyue shati, anyanyue tumbo kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono wa pili autafute mpini ambao vidole viwili tu ndivyo vinaenea. Mara ya tatu shati likanaswa. Risasi zenyewe zikatawanyika, maana kitu chepesi namna ile kinarusha mkono.

Mkufunzi akamwambia mbele ya wenzake, "Punguza tumbo au tafuta kazi nyingine." Akapewa nafasi moja tu ya kurudia, baada ya wiki nne. Akishindwa, nafasi yake inapewa mtu mwingine.

Haya yote mimi sikuambiwa.

Siku kumi zikapita. Nikampigia mchana wangu, kwake asubuhi. Nikauona uso. Mashavu yameshuka, midomo imekauka. Kazi yangu ni kuangalia nyuso za watu wasiosema.

"Umekula nini leo?"

"Maji."

"Jana?"

Akatazama pembeni.

"Fadhili."

"Maji, Dada. Na tango."

Nikamwambia aweke simu juu ya meza, avunje mayai manne, apike nikimwona. Akapika. Akala. Alipomaliza la mwisho ndipo akafunguka, akanieleza yote, na mwisho akasema, "Nimekata shauri niache tu, Dada. Mwili huu haufai kwa kazi hii."

Nikamjibu, "Mwili huo umefaa tangu uzaliwe. Nipe siku mbili."

Sasa wakuu, niwaambie ninachofanya huku, maana ndicho kilichotuokoa.

Mimi ni carer. Mwaka wa tisa sasa. Nawaosha watu, nawavalisha, nawageuza kitandani, nawanyanyua kwa hoist, ile winchi ya kumtoa mtu kitandani hadi kwenye kiti. Wengi wa wateja wangu ni watu wakubwa wa mwili. Shule niliiacha, lakini mwili mkubwa naujua: unavyokaa, unavyoinama, jasho linajificha wapi, mkono unaishia wapi.

Na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba kile kitambaa cha kumbebea mtu kwenye hoist kinapimwa kwa mtu. Ukimwekea mtu mkubwa kitambaa kidogo ili kipendeze, kinamkata mapaja. Kosa ni lako, si la mapaja.

Nikajiuliza, huyu angekuwa client wangu ningempimaje?

Siku mbili zile kila break nilikuwa nasoma kuhusu bastola kwenye simu. Mwenzangu Mama Sifa, Mkongo wa Bukavu, kwao dada ni yaya, akachungulia begani kwangu akashtuka. "Yaya! Unataka kuua nani? Ni manager?" Nikamwambia ni ya mdogo wangu. Akasema, "Ah bon, kumbe. Nilikuwa nataka nikusindikize."

Tuendelee.

Siku ya tatu nikampigia Fadhili. Nikamwambia avae suruali nyeusi ya kazi, shati la kazi, achote unga kwenye sahani.

"Unga wa nini, Dada?"

"Chovya kiganja cha kulia. Simama wima. Fumba macho. Sasa uachie mkono uende kiunoni wenyewe, usiinamie, usijivute. Gusa."

Akagusa. Nikamwambia akae kwenye kiti, achovye tena, aguse. Aketi kwenye gari, aguse. Ainame kama anayefunga kamba za kiatu, ainuke, aguse. Mara kumi na mbili.

Kisha nikamwambia, "Geuka nikuone."

Wakuu, alama zote za unga zilikuwa zimepandana mahali pamoja: nyongani upande wa kulia, nyuma kidogo ya mshono wa suruali. Mbele hakukuwa na hata moja.

Akajitazama kwenye kioo, akaniambia taratibu, "Kumbe mkono wangu unafika."

"Nani alikwambia haufiki?"

Na kuna kitu kingine tulichokiona pale. Ubavu wake ni mpana. Kati ya mbavu na nyonga shati linaning'inia kama pazia. Bastola kubwa ikikaa pale hakuna atakayeiona. Mtu mwembamba ndiye anayehangaika hata na bastola ndogo, kwa kuwa kwake kila kitu kinachomoza. Fadhili alikuwa anakimbia faida yake mwenyewe.

Wiki ile ile akaenda kwenye range moja, uwanja wa kulenga shabaha, wanakokodisha bastola kabla hujanunua. Nikawa naye kwenye simu. Muuzaji alikuwa anaikagua kila moja kwamba ni tupu, ndipo anampa. Mimi nilikuwa na swali moja tu: "Kidole cha mwisho kina pa kukaa?"

Ya kwanza, kidole kinaelea. Rudisha. Ya pili, kinaelea. Ya tatu vidole vyote vimekaa lakini nyama ya kiganja imepanda juu, mahali ambapo chuma kinarudi nyuma ukifyatua, ingemng'ata. Rudisha. Muuzaji akauliza kwa Kiingereza huyo mama mkali kwenye simu ni nani. Fadhili akasema, "My sister. She raised me." Yule bwana akavua kofia akanisalimia kwenye skrini, kisha akaenda nyuma akaleta ya nne.

Ya nne ilikuwa ya milimita tisa, ya ukubwa wa kati, mtutu wa kama inchi nne. Mkono ule mkubwa ukaifunika vizuri, vidole vyote vikapata kazi. Akaenda kuipiga. Akarudi na karatasi ya shabaha, matundu yote yametosha kufunikwa na sahani ya chai. Uzito wa ile bastola unapunguza kurusha mkono, na urefu wake unaizuia isipinduke nje inaposukumwa na nyama ya kiuno. Hilo la kupinduka alitueleza muuzaji, mimi nisingelijua.

Bado mkanda.

Mkanda kwa mtu mwenye tumbo ni mateso. Unateremka, na bastola inateremka nao. Hapo nilikwama.

Nina client mmoja kule Shard End, nitamwita Mzee Terry, jina lake si hilo. Alifanya kazi ya kiwanda maisha yake yote, mwili wake kama wa Fadhili, na kila siku, hata kama hatoki nje, anataka suspenda zake, ile mikanda ya kupitisha mabegani. Asubuhi moja namvalisha, nikamuuliza kwa nini asivae mkanda kama wengine.

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini anapumua. "Bab," hivyo ndivyo wanavyoita watu hapa, "tumbo halina kona. Mkanda utashika wapi? Mabega ndiyo yana kona."

Nikacheka mpaka nikakaa kitandani kwake. Nikamweleza habari ya Fadhili. Kuanzia siku ile kila nikiingia swali la kwanza ni, "Kijana wetu anaendeleaje?"

Nikaenda Alum Rock, kuna duka la nguo za wanaume wakubwa, nikanunua suspenda jozi mbili za vifungo, si za vibanio, maana vibanio vinafyatuka. Nikazituma kwa posta. Fadhili akazivaa chini ya shati, juu ya fulana, pamoja na mkanda mgumu wa ngozi mbili. Mfuko wa bastola akachukua wenye ngozi upande wa mwili, jasho lisifike kwenye chuma, chuma kisichubue ngozi. Hilo la kuchubua nililisimamia kama kidonda cha mgonjwa wa kulala kitandani.

Akafanya mazoezi kila asubuhi. Bastola tupu, risasi zimefungiwa chumba kingine. Hilo lilikuwa sharti langu na halikuwa na mjadala. Akawa anakula pia, mara tatu kwa siku.

Siku ya kurudia mtihani nilikuwa shift, kwa Mzee Terry. Simu ikatetemeka mfukoni. Nilikuwa nimemnyanyua kwenye hoist, yuko hewani. Huwezi kumwacha mtu hewani.

"Ni yeye, bab. Pokea."

"Kwanza ukae."

Nikamshusha. Nikamweka mto. Nikatoa kitambaa. Nikanawa mikono. Terry akasema, "Mwanamke wewe una moyo wa jiwe." Ndipo nikaifungua.

Ilikuwa voice note. Mwanzo ni pumzi tu, mtu analia au anacheka. Kisha: "Nimepita, Dada. Nimesimama nimepita, nimekaa nimepita. Yule mkufunzi ameniambia niwaonyeshe wenzangu nilivyovaa. Nikavua shati nikawaonyesha. Mbele ya watu wote, Dada. Sikuona haya."

Terry hajui Kiswahili. Akaniangalia usoni, akapiga kofi mkono wa kiti: "Amepita!"

Nilienda jikoni nikasema namchemshia chai. Nilikaa huko kidogo.

Nimewalea wadogo zangu watatu. Mmoja ni mwalimu, mmoja ana duka la dawa, na huyu atalinda vito vya watu kwa Wamarekani. Kila aliyemaliza shule nilijivunia. Lakini ile ya kuvua shati mbele ya watu imezidi zote.

Nilichojifunza, wakuu: mtu wako akiwa mkubwa, usimpeleke akatafute kitu kidogo cha kumficha. Mpime kwanza alivyo. Mkono unafika wapi, mwili unakaaje, halafu kitu ndicho kifuate. Na wewe unayelea, chunga mzaha wako, kwa sababu wako ndio unaoaminiwa.

Fadhili ataanza zamu Jumatatu, duka lile lile, kiti cha karibu na mlango.

Sasa uwanja ni wenu. Wenye ujuzi wa silaha, nilipokosea nisahihisheni, nitasoma kila comment nikiwa kwenye basi. Wenye miili mikubwa, tuambieni nanyi mnavyovaa. Ila kama umekuja kusema angepunguza tumbo tu, huyo nimeshamsikia. Mpishie mayai manne, halafu urudi tuongee.