Breki ya Foklifti na Mafuta Yasiyojaza Kikombe

Juma lililopita nilikuwa ghalani bandarini Palma, nikisubiri saruji. Mama mmoja aliinama chini ya mteremko kuokota funguo zake. Nyuma yake foklifti ya umeme, gari la kuinulia mizigo, ilikuwa inashuka kinyumenyume na shehena nzito, kimya, bila mngurumo wa kumshtua. Binti aliyeiendesha alimwona, akakanyaga breki. Ikasimama shubiri moja kutoka mgongoni mwa yule mama.

Mama aliinuka taratibu. "Mwanangu, mguu wako una nguvu gani?"

"Si mguu, mama. Ni mafuta ya breki. Nikikanyaga, nayasukuma kwenye bomba jembamba. Mafuta hayashindiliki, kwa hiyo yanakwenda kusukuma pistoni kubwa zaidi kule magurudumuni, nazo zinabana breki. Nguvu ndogo inafika imekuwa kubwa."

"Mafuta kiasi gani?"

"Yanayosogea hayajazi kikombe cha kahawa."

Mama akaweka kiganja juu ya gurudumu. "Subhanallah!" Mimi mwenyewe nimekanyaga breki miaka mingi, sijawahi kuwaza kilicho chini ya unyayo wangu.

Binti alipoteremka, mguu wake ulikuwa unatetemeka. Mama akamshika mkono.

"Kaa kwanza, mwanangu. Mafuta hayaogopi, wewe umeogopa."