Neno Moja la Walter Entwistle

Walter Entwistle alikuwa msemaji. Watu wa Ramsclough, mji wa mawe na mvua kaskazini mwa Uingereza, walikuwa na usemi wao: ukitaka kujua habari za mtu, panda treni ya Walter, ukitaka zako zisijulikane, nenda kwa miguu. Alikuwa gadi wa reli ya bondeni tangu ujana hadi kustaafu. Abiria wakishaingia, yeye hutupa jicho nyuma na mbele, huinua mkono, kisha humpa dereva neno lao la kazi, "Right away!", yaani njia nyeupe, ng'oa.

Nyumbani nako hakunyamaza. Mkewe Doreen, aliyekuwa mpishi wa shule, alikuwa akimwambia huku akikanda unga, "Walter, hebu upumzishe huo ulimi. Utakatika bure."

Asubuhi moja ya Novemba Walter alikuwa akimenya viazi, kisu kikamponyoka. Doreen alidhani amejikata. Alipogeuka alimkuta ameinamia sinki, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia kama wa mtu mwingine.

Kilikuwa kiharusi. Madaktari walimwambia Doreen kwamba mumewe ataishi, ila upande wa kulia umelala na maneno yamempotea. Maneno hupoteaje? Doreen hakuelewa, mpaka siku Walter alipopata nguvu ya kukaa kitandani, akamtazama mkewe, akatamka wazi kabisa:

"Right."

Doreen nusura aruke. "Mungu mkubwa! Unajisikiaje, mzee wangu?"

"Right."

"Nikupe maji?"

"Right."

"Mimi ni nani? Niite jina langu, Walter."

Walter akafumba macho. Mishipa ya shingo ikamtoka kama anayenyanyua gunia. "Right," akasema, na machozi yakamshuka kwenye shavu lile zima na lile lililolala.

Katika maneno yote aliyopata kuyamwaga duniani, limebaki hilo.

Nalo si neno dogo. Muulize mtoto wa Kiingereza, atakwambia ni mkono wa kulia. Mwanasheria atakwambia ni haki, mwalimu atasema ni jibu lisilo na kosa. Mama akilitamka huku akikunja mikono ya gauni, watoto hukimbia, maana hapo ni "haya, leo mtanitambua". Na huko kaskazini mtu akiitwa "right" mjinga, ujue ujinga wake umetimia, haukubakiza pengo. Lakini siku zile za mwanzo Doreen hakusikia hata moja ya maana hizo. Alisikia mlio tu. Walter akisema, Doreen analeta chai, chai inasukumwa. Analeta blanketi; blanketi linatupwa. "Basi unataka nini?" alimfokea siku moja. "Niambie basi, wewe bingwa wa kusema!" Kisha akaingia stoo, akakaa juu ya kreti la viazi, akalia akiwa amejiziba mdomo kwa aproni.

Hospitali ilikuwa ikimtuma mtaalamu wa matamshi nyumbani kwao, dada mmoja aitwaye Shirin Mirza, mzaliwa wa mji huohuo, ambaye babu yake alitoka Pakistani kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya pamba. Alimkuta Doreen macho yamevimba, akamketisha.

"Bibi Doreen, usisikilize neno. Sikiliza sauti. Neno limekwama, sauti haijakwama. Yote anayotaka kusema anayapitisha hapo hapo."

"Mwanangu," Doreen akajibu, "mimi nimeishi naye miaka yote hii nikijitahidi nisimsikilize."

Shirin hakucheka. Alimshika mkono tu.

Baada ya siku chache jirani yao Beryl alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alileta pai ya nyama, akaketi, akaanza habari za magoti yake, akahamia magoti ya dada yake. Chai ikaisha, ikaongezwa, ikaisha tena. Ndipo Walter akavuta pumzi ndefu, akajipiga paja kwa mkono mzima, akasema, "Right!"

Huko kwao kila mtu anaijua hiyo. Likisemwa hivyo, na paja likapigwa hivyo, mazungumzo yamekwisha. Ni kwaheri isiyotaja kwaheri. Beryl alikuwa ameshasimama na koti mkononi kabla hajajua kilichomwinua. "Haya, niwaache mpumzike," akasema.

Doreen alifunga mlango, akauegemea, akacheka mpaka akashika mbavu. "Walter! Umemfukuza Beryl!"

"Right," akasema Walter polepole, jicho likimeta. Maana yake: ndiyo, na kesho akija namfukuza tena.

Tangu hapo Doreen akaanza kusikia. Likipanda mwishoni, ni "kweli hiyo?" Likitoka fupi, ni "tosha, usiongeze sukari." Likirudiwa mara mbili kwa upole, ni "pole, umechoka." Si kila siku alipatia. Zilikuwepo siku walizoshindwa wote wawili, wakakaa wakitazama mvua dirishani. Lakini ilikuwepo na mchana mmoja alipokuwa akimkata kucha, Walter akalitamka kwa sauti ambayo Doreen hajaisikia tangu uchumba wao, naye akauweka mkasi kando.

Walter alikuwa na mdogo wake, Ernest, dereva wa treni, anayekaa mtaa wa pili tu. Hawakuwa wakisemeshana. Zamani wafanyakazi wa reli waligoma, na Walter alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi pale stesheni. Mke wa Ernest, Jean, alikuwa mgonjwa, nyumba imekauka haina hata senti, na asubuhi moja Ernest akapita langoni mbele ya wenzake waliogoma na kwenda kuendesha treni. Walter alikuwa amesimama palepale. "Mimi sina ndugu," alisema, na Ernest alimsikia. Mke alikufa mwaka huohuo. Walter hakwenda kuzika.

Doreen alijaribu mara moja. "Nimwite Ernest?"

"Right," alijibu Walter, kavu kama mkate wa juzi. Maana yake: thubutu umwite! Doreen akaacha.

Lakini mwezi Februari alikutana na Ernest sokoni, kwenye meza ya jibini. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Hajambo huyo?" Ernest akauliza, akitazama jibini.

"Njoo umwone mwenyewe, shemeji."

"Atanifukuza."

"Kwa maneno gani?" akasema Doreen. "Njoo."

Alikuja Alhamisi, amevaa tai. Alisimama katikati ya sebule, kofia mikononi, akaongea kama mtoto aliyekariri shairi la shule. "Kaka, nimekuja kusema jambo moja. Ulikuwa na haki wewe. Mimi nilikosa. Basi."

Walter alimkazia macho muda mrefu. Doreen, aliyesimama mlangoni na birika, aliogopa hata kuliweka chini. Kisha Walter akatikisa kichwa kama anayekataa. Akainua mkono wa kushoto, akamwelekezea Ernest kifuani.

"Right," akasema.

Ernest akakaa kwenye kochi bila kukaribishwa, akalia waziwazi, kofia ikaanguka sakafuni.

Alikuja kila Alhamisi baada ya hapo. Walitazama raga kwenye televisheni pamoja, Ernest akilaani marefa kwa niaba ya wawili. Mwezi Mei kiharusi kilirudi, na safari hiyo hakikuacha kitu. Walter alizikwa juu ya kilima karibu na mama yao, siku ya upepo, na jeneza Ernest alilibeba upande wa mbele.

Baada ya maziko, watu walipokwisha kuondoka, Ernest alibaki jikoni.

"Shemeji, wewe ulikuwa unamwelewa. Siku ile aliniambia nini? Kwamba mimi ndiye nilikuwa na haki? Au kwamba yamekwisha, tuyaache?"

Doreen angeweza kumpa jibu lolote, na lingemtuliza. Aliwaza kidogo, akifuta sahani ileile iliyokwisha kukauka.

"Sijui, Ernest. Hiyo nilimuuliza ulipoondoka, akanitazama tu. Sitakudanganya."

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi naona ulikosea. Wenzako walilala njaa nawe ukapita mbele yao. Yeye naye alikosea kutokuja kumzika Jean, na mimi nilikosea kumwachia. Nilikuwa na miguu, ningekuja peke yangu."

Ernest akakubali kwa kichwa. Nje upepo ulikuwa ukigonga lango la ua. Doreen akafungua jiko, akatoa pai, akamkatia kipande na kumsogezea kiti.

"Kaa, chakula kinapoa," akamwambia. "Na uniambie habari za Jean. Sijawahi kukuuliza."