Nilimlipa kwa Kila Aliyeingia

Mpaka leo nikimkumbuka yule mpiga debe, damu inanichemka.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi, kila mtu Mabatini akawa na duka. Mimi niliuza vitenge. Mtaji ulitoka kwa ng'ombe wa mama yangu, na mwenye fremu ya duka alishanionya: mwezi ukiisha bila kodi, anampa mwingine. Nikamtafuta bwana mmoja mwenye sauti nene aliyekuwa akiita abiria wa mabasi. Tukapatana: kila atakayemwingiza dukani, namlipia.

Weh! Watu wakamiminika. Hodi, karibu, hodi, karibu. Nami kwa nilivyolelewa kwetu Usagara, aliyepiga hodi ni mgeni, basi nampa kigoda na maji ya kunywa. Wanakaa, wanashikashika vitenge, wanaaga. Jioni bwana anadai chake, nalipa. Siku nne, kitenge kimoja tu! Nikadhani labda rangi zangu mbaya.

Siku ya tano mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kwa upole, "Dada, hilo gari la Kigongo mbona linachelewa?"

"Gari gani?"

"Si yule kaka wa nje katuambia tusubirie humu, kuna kivuli."

Nilitoka mbio. "Wewe mwanaume huna haya! Unanijazia abiria dukani?"

Hakushtuka hata kidogo. "Mama, tulipatana waingie. Hatukupatana wanunue."

Mshenzi! Na kilichoniuma zaidi, alisema kweli. Mapatano yale niliyatunga mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Nikamfukuza, vigoda nikavifungia stoo, nikasimama mlangoni mwenyewe. Sikuita karibuni tena. Nilitangaza bei, haipungui, asiye na hela apite zake! Majirani wakanicheka, eti mwanamke mzima anapiga debe. Wacheke! Siku hiyo waliingia watu watano tu, wanne wakanunua.

Kodi nililipa, fremu ikabaki yangu. Lakini katika siku hizo hizo za hasira, nimeinama nakunja kitenge, nikasikia mtu anaingia polepole. Sikuinua hata kichwa.

"Unanunua?"

Nilipotazama, alikuwa baba mdogo, kofia mkononi, katoka Usagara tangu alfajiri. Hata shikamoo sikuwahi.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nilikuja kukuona tu."