Mti wa Anti Uliopakwa Mafuta

Anti, mwenye nyumba yetu ya Doonside, Sydney, alikuwa na mti mmoja wa mpira, ule wa ndani, aliouthamini kuliko wapangaji wake wote tukijumlishwa na koo zetu. Majani yake yalikuwa mapana kama nyayo za askari, na kwenye chungu chake ungeweza kumbatiza shemasi mnene akazama. Anti alipokwenda Nakuru kumzika kaka yake, korona ikafunga mipaka nyuma yake, akabaki huko akitutawala kwa simu ya video.

Kabla ya kuondoka alikuwa amempa dada mmoja wa Bukavu, mfanyakazi wa ghala kule Ingleburn, chumba chenye dirisha kubwa kwa sharti moja: autunze mti humo. Mti ukiharibika, chumba kimekwisha. Dada hakuwa na ndugu Sydney, na lokdauni ilivyokaza, kutafuta chumba kingine kulikuwa kama kutafuta mfupa kwenye uji.

Kila Jumapili baada ya ibada ya mtandaoni Anti alipiga kukagua. Habari za binadamu hakuuliza. Mimi nilishika simu, dada akazungusha chungu polepole kama fundi anayeonyesha suti. Jumapili moja Anti akasema majani yamepauka kama magoti ya mtoto asiye na mama. Dada alikuwa amelelewa bila mama, na Anti alilijua hilo vizuri sana.

Sasa, kwetu sisi mtoto haendi kanisani na miguu iliyopauka. Jumapili iliyofuata dada alichukua kopo la mafuta ya mgando akaupaka mti jani kwa jani, juu na chini, akamalizia na kitambaa. Mti uling'aa hadi ningeweza kunyoa ndevu mbele yake. Anti alifurahi, akawaita jamaa zake, nadhani na nusu ya Nakuru, waje waone.

Haukupita muda vumbi likaganda, majani yakageuka manjano, na kwenye makwapa yake wakajaa wadudu weupe kama vinyuzi vya pamba, wakichuruzisha utomvu wa kunata hadi sakafuni. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, cheti bado cha moto, basi nikamhutubia dada: jani lina matundu ya kupumulia, mengi yako upande wa chini, na wewe umeyaziba. Aliosha kila jani kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, akawafuata wadudu mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba cha masikio kilichochovywa kwenye spiriti, ametoka shifti hata buti hajavua. Nilimtania kuwa yeye ni daktari wa mahututi, akacheka kidogo. Majani mengi yalianguka, lakini wadudu waliisha, na kileleni likachomoza chipukizi jekundu.

Hilo ndilo alilomwonyesha Anti kwanza. Anti akatazama shina tupu.

"Hata mti umekukataa," alisema. Nyuma yake mtu alicheka.

"Anti, wadudu ilikwisha. Iko inaota tena, angalia hapa juu."

"Mti uhamie kwa huyo kaka yako aliyeshika simu. Wewe tafuta pa kwenda. Mwisho wa mwezi sitaki kuona sanduku lako hapo."

Nilijaribu kumtetea. Anti akaniuliza kama na mimi nina hamu ya kuhama, nikarudisha kamera kwenye mti.

Familia moja ya kanisani ilikubali alale kwenye gereji yao. Aliondoka siku ya Jumapili. Sanduku likiwa tayari mlangoni, aliniomba nisipige simu kwanza. Akatoa lile kopo, akapiga magoti mbele ya mti, akaupaka: majani yaliyobaki, shina, na mwisho lile chipukizi, kwa kidole kidogo, taratibu kama anayempaka mtoto mchanga. Upande wa chini wa majani aliurudia. Kisha akafuta vidole, akaniambia nipige.

Anti alisogeza uso kwenye kamera.

"Umeona? Kumbe ukitaka unaweza. Hivyo ndivyo nilivyotaka siku zote."

"Aksanti, Anti," dada alisema. "Kaka ataendelea kupaka vile vile. Nilimuonyesha."

Anti akaniagiza nisikose hata Jumapili moja. Nikaahidi kwa moyo wote, na ahadi hiyo niliitimiza.