Nyuso Arobaini na Moja

Antoinette alikuwa na mablanketi kumi na moja, na hakuna hata moja lililoweza kumfunika mtu.

Lilikuwepo la pembetatu nyekundu, lililofika magotini likakomea hapo. Lilikuwepo la maua ya vitenge, zuri mno, ila katikati lilikuwa na tundu ambalo mtoto angeweza kupita. Lilikuwepo na lile alilokuwa akimshonea binti yake Larissa kwa ajili ya harusi. Larissa sasa anaishi Cape Town, ana watoto wawili, na blanketi bado lina upande mmoja. Yote yalikaa kwenye mifuko mikubwa ya plastiki yenye mistari, ile inayojulikana na kila mtu aliyewahi kuhama nchi kwa haraka. Mifuko ilijaa chini ya kitanda, juu ya kabati na nyuma ya mlango, na mmoja ulikuwa umekikalia kiti cha mume wake, Séverin.

Hayo yote yalikuwa ndani ya chumba kimoja, ghorofa ya saba, mtaa wa Albert Park mjini Durban, katika nyumba ambayo jiko na choo walishirikiana na familia nyingine mbili. Lifti ilikuwa imekufa siku nyingi, na watu walikwisha acha kuiulizia.

Na kila mwaka ilikuwa hivyohivyo. Ukifika mwezi wa nne, joto la Durban linaanza kulegea. Wenyeji wanatoa makoti na kofia za sufu, ilhali wageni kutoka nchi za baridi bado wanaogelea wakiwashangaa. Hapo ndipo mikono ya Antoinette ilipoanza kuwasha. Mchana kutwa alisuka nywele za watu saluni, na jioni akirudi nyumbani alipita kwa mafundi cherehani wa mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine, akiokota vipande chini ya meza zao. Mafundi walimwita Mama wa Vipande, naye hakukasirika. Akifika nyumbani alivitandaza kitandani, akavipanga kwa rangi, akavipangua, akavipanga tena, na moyo wake ukawa mweupe kabisa. Kisha angeanza blanketi jipya. Kuanza alikujua kuliko mtu yeyote kusini mwa Afrika.

Séverin alikuwa mtu mpole. Kule kwao Bukavu, Kongo, alifundisha hesabu miaka kumi na tisa. Hapa Durban alilinda magari kwenye maegesho ya maduka kule Bluff, na hata huko aliyapanga magari ya watu kwa mistari iliyonyooka hadi madereva wengine walimwona kero. Jioni moja alirudi miguu ikimuuma, akausogeza mfuko kidogo, akakaa. Ndani ya mfuko kulikuwa na sindano. Séverin akasimama haraka kuliko alivyokaa.

"Mama Larissa," alisema, akijishika pale palipochomwa na kuinyooshea kidole ile mifuko ya vitambaa, "mu hii chumba tuko watu wawili, ao tuko watu wawili na bikwembe? Baridi ikifika, bikwembe itoke. Ao mi nitoke."

Antoinette alijua kuwa hatatoka, angekwenda wapi? Lakini alijua pia kwamba mume wake ana haki, na kujua huko kulimchoma zaidi ya ile sindano.

Basi kesho yake akaenda kwa Mchungaji Josias. Kanisa lao lilipanga ukumbi juu ya duka la matairi, na nyuma ya ukumbi palikuwa na chumba kidogo chenye dirisha, kilichojaa viti vilivyovunjika na kinanda kisicholia. Antoinette alikuwa amekitamani chumba kile miaka minne. Alishaona kichwani mwake mahali pa meza, mahali pa cherehani, na wanawake sita au saba wakishona siku ya Jumamosi. Akamweleza mchungaji yote hayo kwa pumzi moja.

Mchungaji Josias alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya polepole na moyo mzuri. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza amekwisha maliza mablanketi mangapi. Antoinette akayahesabu kichwani. Angeweza kutia chumvi, lakini mbele ya mchungaji chumvi haikutoka. Akasema ukweli: hakuna.

Mchungaji hakumcheka. Alimwambia tu kwamba Papa Yeremia, mtu wa vipaza sauti, naye anakitaka chumba hicho ahifadhi spika zake, na kwamba kanisa haliwezi kumpa mtu chumba cha kuanzia vitu. Amletee blanketi moja, lililokwisha, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano. Akilileta atakabidhiwa ufunguo mbele ya kanisa zima. Asipolileta, spika zitaingia Jumatatu.

Ili msomaji auelewe msiba uliofuata, lazima asikie habari za kitenge cha jubilei.

Mwezi wa pili kanisa lilikuwa limetimiza miaka kumi na mitano. Kama ilivyo desturi ya watu wa Kongo, haiwezekani sherehe ikaitwa sherehe bila wanawake wote kuvaa kitambaa kimoja, na kitambaa kikachapishwa maalumu. Kilikuwa cha bluu, na kila baada ya shubiri mbili palikuwa na duara kubwa kama kisahani, na ndani ya duara mlikuwa na uso wa Mchungaji Josias akitabasamu. Kamati ilikisifu. Hakuna aliyefikiri kuhusu kukaa. Siku yenyewe Maman Irene aligundua kuwa fundi amemweka mchungaji sawasawa kwenye makalio, uso mmoja kila upande. Maman Irene ni mwanamke mcha Mungu. Alisimama ibada nzima, saa nne na nusu, akisema anasikia Roho.

Baada ya siku hiyo hakuna aliyekivaa tena. Sokoni huendi nacho, jikoni huwezi kumpaka mchungaji mafuta ya samaki. Wanawake wakaanza kumletea Antoinette masalio ya kitambaa, mmoja mmoja, wakisema kwa haraka kwamba ni vipande tu, kisha wakiondoka kabla hajashukuru.

Antoinette aliipenda ile bluu. Ilikuwa bluu ya Ziwa Kivu saa nne za asubuhi, na tangu atoke kwao hakuwahi kuipata dukani. Akaamua blanketi la mchungaji litakuwa la bluu hiyo na nyeupe, miraba kwa miraba, amshonee yeye mwenyewe kwa kuwa kila mara alilalamikia mgongo wakati wa baridi. Akachukua mkasi, akakata bluu, akaziacha nyuso.

Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu nyuso zilibaki. Utamtupaje mtumishi wa Mungu kwenye pipa pamoja na maganda ya viazi? Alijaribu. Alishuka ghorofa saba na nyuso tatu mkononi, akazitia pipani upande wa nyuma ukiwa juu. Kitenge halisi huchapwa pande zote mbili, na hilo alilisahau, yeye wa kushinda na vitenge. Mchungaji akamtabasamia kutoka juu ya maganda. Antoinette akamtoa, akampangusa, akapanda naye ghorofa saba kwa miguu. Kuchoma hakuthubutu hata kufikiria. Akazitia zote kwenye kopo tupu la aiskrimu, akalifunika, na kila alipolifungua kuweka mwingine alisema pole.

Wiki zikaenda. Kwa mara ya kwanza maishani alishona bila kuanza kingine pembeni, na ilimtesa kama mtu aliyeacha sigara. Akiona kipande cha njano kwa fundi, aligeuza shingo. Upande wa juu ukaisha. Kwa upande wa chini akapata shuka jeupe. Katikati sasa ndipo palipotaka kitu cha kuleta joto, na kitu hakikuwepo. Alitandika shuka jingine jepesi, akalipapasa, akaona ni jepesi mno. Akaliangalia kopo la aiskrimu.

Wazo likaingia, na likamfurahisha hadi akajicheka. Si kutupa, si kuchoma: ni kumpumzisha. Mchungaji atajipasha joto mwenyewe, na hakuna atakayejua. Akazipanga nyuso kwenye lile shuka la katikati, safu kwa safu, akazishikiza kwa mishono midogo. Na kwa sababu ya heshima hakumlaza hata mmoja kifudifudi. Wote arobaini na mmoja walitazama juu, vichwa upande mmoja, kama watu waliolala vizuri. Akafunika juu, akafunika chini, akaanza kupitisha uzi kwa mkono ili tabaka zote zishikamane.

Séverin hakujua lililomo ndani. Lakini Alhamisi ya wiki ya mwisho, Antoinette akikunja pembe ya nne, alimwona mume wake ameinama juu ya kitanda na kipimapembe cha shule mkononi, kile alichokuja nacho kutoka Bukavu kwenye soksi.

"Hii pembe iko degré themanini na saba," alisema.

Antoinette akamwambia kwamba mchungaji halali na kipimapembe.

"Mungu anaona," Séverin akajibu, akaanza kufumua.

Tangu hapo hakuondoka tena kando yake. Alishika rula, alikata uzi, alisema kila mara kuwa umekula ng'ombe mzima, usishindwe na mkia. Jumamosi kabla ya adhuhuri Antoinette akapiga fundo la mwisho. Wakalitandika kitandani, likafunika kitanda chote. Séverin akasema ni sahihi. Antoinette akakaa kwenye kile kiti, ambacho siku hiyo hakikuwa na mfuko, akalia.

Hakulia kwa uchovu. Miaka yote aliwaambia watu kwamba hamalizi mablanketi kwa kukosa muda, naye mwenyewe aliamini. Kumbe alikuwa anaogopa. Kitu ambacho hakijaisha unakikunja tu, unakitia mfukoni, unaondoka nacho. Hukuahidi mtu kwamba utakaa. Blanketi lililokwisha ni la mtu mwenye kitanda. Alikuwa Durban miaka kumi na mbili na hakuwahi kukubali kwamba amekaa. Séverin alimpa leso, kisha akaenda kupima pembe ya kwanza tena.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mchungaji Josias alilipokea blanketi mikononi, akalikunjua, na ilionekana wazi usoni kuwa ameguswa. Akasema hajawahi kupewa zawadi iliyoshonwa kwa ajili yake tangu mama yake afariki. Antoinette akainama. Kisha mchungaji, kwa wema wake wote, akataka kanisa lione. Akamwita Papa Yeremia ashike pembe moja, Séverin ashike nyingine, waliinue juu, pale dirishani kwenye mwanga.

Jua la mwezi wa tano halipandi sana. Linaingia dirishani limelala, na linapita shuka jeupe bila kubisha hodi. Blanketi lilipoinuliwa, mwanzo watu walisema aah. Kisha wakanyoosha shingo. Kutoka ndani ya miraba myeupe walijitokeza wachungaji: mmoja huku, nusu mmoja kule, safu kwa safu, wote wakitabasamu. Palipokuwa na bluu walijificha kidogo, halafu kwenye mraba mweupe wakatokeza jicho.

Spika ya Papa Yeremia ililia mluzi, na hakuna aliyeinuka kuizima. Séverin, bado ameshika pembe yake, aligeuka akatazama, akaanza kuhesabu kwa midomo. Maman Belinda, mke wa mchungaji, alijifunika uso kwa Biblia. Antoinette aliuona ufunguo mezani, akaona spika zikiingia chumbani Jumatatu. Angeweza kusema ni mapambo. Lakini njia ya mwongo ni fupi, naye alikuwa mbele ya macho themanini na mawili ya mtu yuleyule.

"Pasteur," alisema, "nilishindwa kukutupa."

Mchungaji Josias alilisogelea blanketi, akaugusa uso mmoja kupitia kitambaa, kisha mwingine. Nyuma ya Biblia ya Maman Belinda kitu kilianza kutikisika. Mabega yake yakafuata, na hatimaye ikatoka sauti ya mwanamke aliyekwisha shindwa: mmoja tu anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta, sasa atalala na arobaini na wawili. Mchungaji akacheka, kwanza polepole kama anavyohubiri, kisha tumbo lote. Kanisa likamfuata. Katikati ya kicheko hicho Maman Irene alisimama, naye safari hii hakusikia Roho, akaungama kwamba wachungaji wake yeye wako chini ya godoro tangu mwezi wa pili na hajui awafanyeje.

Antoinette alipewa ufunguo. Papa Yeremia aliguna, lakini alipiga makofi.

Jumamosi iliyofuata alikuwa anafagia chumba chake, mifuko yote kumi na moja ikiwa imepangwa ukutani na Séverin kwa urefu, walipoanza kuingia. Maman Irene alikuja na mfuko mweusi. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, kila mmoja na mfuko umefungwa fundo, hakuna aliyesema mna nini ndani. Maman Belinda alileta kapu zima na kusema tu kwamba nyumbani kwake ilikuwa shida zaidi, kwa sababu mwenyewe yupo anaona.

Wa mwisho kugonga alikuwa Mchungaji Josias. Alichungulia kwanza kama kuna watu, akaona wapo, akaingia hivyohivyo. Kwapani alikuwa na shati la jubilei, limekunjwa, halijawahi kuvaliwa hata siku moja.

"Hata mi mwenyewe, Maman," alisema, akilitua juu ya meza. "Lakini hii ya pili, tafadhali, unilaze kifudifudi. Ule mwangaza uliniingia mu macho."

Antoinette akachukua mkasi. Kabla ya kukata aliutazama ukuta, akashusha mfuko wa Larissa, akautoa upande ule mmoja, akautandika mezani kando ya ile bluu.