Samli Niliyoipaka Baiskeli

Haya ninayowaambia, tafadhali yasifike Tarasaa, ingawa najua yalishafika kabla yangu, maana siku hizi nikipita sokoni kule akina mama wauza maziwa wananiita, "Jillo! Leo umepaka?" na mimi nainamisha kichwa kama kiziwi. Sina wa kumlaumu. Aibu hii niliitafuta mwenyewe, nikaipata.

Ilikuwa siku wazee wetu walipokwenda kuniposea Esta. Kwao ni nje kidogo ya Garsen, chini ya lile tuta la barabara ya lami, na kwetu ni Golbanti. Sasa kwetu sisi, mwenye kuposewa haendi, anabaki nyumbani ametulia kama mgonjwa, wajomba ndio wanaokwenda kusema. Na jambo kubwa kuliko yote ni hili: mama mkwe humkaribii. Ukimwona njiani unaacha njia, unaingia majanini, anapita. Hamsemezani, na likiwapo neno la lazima anampa mtu mwingine akufikishie, hata kama unalisikia kwa masikio yako. Baba yake Esta alikuwa ameshamrudisha kijana mmoja kwa kukosa adabu, akatangaza kwamba na sisi atatusikiliza mara moja tu, akikataa amekataa. Na mimi Esta nampenda, nasema wazi, kwa hiyo siku ile moyo haukukaa mahali pake.

Kukaa bure kukanishinda. Baiskeli yangu, ile nyeusi nzito ya kubebea ndizi, gurudumu la nyuma lilikuwa linalia kwii, kwii, mpaka watu wanajua ninakuja kabla hawajaniona. Fundi yuko Garsen, lakini nikajiambia fundi wa nini, spana ninayo, na kwenye simu nimeona video ya mtu akifungua baiskeli nzima huku anatabasamu. Nikaipindua miguu juu, nikafungua gurudumu na fimbo za breki zote mbili. Gololi zikamwagika mchangani, kuku wa mama wakadhani nimewarushia mahindi, na kabla sijawafukuza mmoja alikuwa ameshameza (yupi, sijui mpaka leo, mama akichinja mimi natafuna polepole). Zilizobaki nikaziosha kwa mafuta ya taa. Halafu nikakumbuka sina grisi.

Ndani kulikuwa na chupa ya samli, samli ya ng'ombe hasa, ambayo mama hununua kwa mama mmoja wa Kiorma na hataki kusikia ya mwingine, na alikuwa ameiweka kwa wali wa wageni. Nikaitazama. Nikasema, mafuta ni mafuta. Nikapaka, jamani! Nikapaka kwenye gololi, kwenye ekseli, kwenye mnyororo, sikufanya ubahili, na asubuhi ile ilikuwa imeganda vizuri, ungeiona ungeapa ni grisi. Nilipomaliza kufunga nikabaki na nati moja mkononi. Nikaitia mfukoni, nikijua kiwandani huwa wanaweka ya akiba. Nikazungusha gurudumu, likaenda kimya kabisa, nikajiona mhandisi.

Mara simu. Mjomba Komora, aliyekuwa msemaji wetu kule ukweni, ananong'ona kwa hasira.

"Jillo, tumesahau asali!"

"Asali gani, mjomba?"

"Asali ya kufungulia maneno! Iko nyuma ya mlango wa mama yako. Tumekaa hapa kama mabubu, hatuwezi kusema neno bila asali. Lete mbio. Ukifika usimame juu, kwa lami, mtu atakuja kuichukua. Usishuke! Umenisikia? Usishuke!"

Nikafunga dumu la asali kwenye keria, nikaruka juu. Na niwaambie ukweli, baiskeli haijawahi kwenda vile. Upepo nyuma, lami mbele, hakuna kwii wala kwaa, na mimi nacheka peke yangu. Nililosahau ni jua. Jua la kwetu mnalijua. Samli ikayeyuka, ikatoka katikati ya gurudumu, ikafuata spoki mpaka kwenye ringi, pale pale mipira ya breki inapobana, na mimi napiga mluzi.

Nilipokaribia kwao Esta nikakuta ng'ombe wamejaa barabara nzima, wanapelekwa mnadani. Nikashika breki ya nyuma. Baiskeli ikaendelea na safari yake. Nikashika ya mbele, ile fimbo yake ikachomoka, ikaning'inia (nati ya akiba, mnaikumbuka?). Mchungaji akapunga bakora.

"Wewe! Shika breki!"

"Nimeshika!"

"Shika ingine!"

"Hiyo pia nimeshika!"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia maiti. Kulia ng'ombe, mbele ng'ombe, pengo lilikuwa moja tu, upande wa kushoto, kile kijia kinachoteremka tuta moja kwa moja mpaka uani kwa kina Esta. Nikateremka. Nikaburuza miguu chini, kandambili zikabaki nyuma, nikapiga kelele "Nipisheni!" na chini pale niliona akina mama wamekaa kivulini wanachagua mchele, wakainuka wote wakakimbia, isipokuwa mmoja aliyekuwa na ungo mapajani.

Ndiyo. Yeye.

Nilipofumbua macho mchele ulikuwa bado unanyesha. Asali ilinitoka kichwani ikaingia sikioni, na mguu wangu mmoja ulikuwa ndani ya sufuria. Nikahisi nimelalia kitu laini. Nikageuza shingo, nikamwona mama mkwe wangu, ambaye maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumtazama usoni, na uso wake ulikuwa hapa, karibu na wangu. Yeye akajifunika leso usoni haraka, akageukia upande wa shangazi yake Esta, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mwambie kijana ainuke. Ameulalia mguu wangu."

Shangazi akaniambia, "Kijana, unaambiwa uinuke, umeulalia mguu wake."

Na mimi, akili sina, nikamjibu shangazi, "Mwambie mama, samahani, nainuka."

"Anasema anainuka."

"Mwambie basi afanye."

Wazee wakatoka. Mjomba Komora aliponiona alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Esta alikuwa dirishani, mkono mdomoni. Mara mbwa wao akaja akaanza kuilamba baiskeli mnyororo wote, kwa raha zake, na shangazi akainama akanusa. "Hii ni samli," akasema. "Eti amepaka baiskeli samli!" Nilitamani Mto Tana ufurike saa ile unichukue.

Nikapanda tuta bila viatu, nikakaa juu na nzi wangu, nikijua Esta nimeshamkosa. Nililia, sifichi. Jua likaanza kuinama ndipo mjomba akaja.

"Baba yake alikataa," akasema. "Akasema aliyemwangukia mkwewe kabla ya posa, baadaye atafanya nini?"

Nikafuta asali sikioni.

"Mama mtu ndiye aliyetuma neno. Akasema, mwambieni mzee, huyu hakushuka kwa kiburi, ameshuka kwa ujinga, na ujinga una dawa. Mzee akalegea, akakubali. Utatoa mbuzi na leso mpya ya kumfuta haya. Sasa nenda ukaoge."

Mama yangu hakunisemesha mpaka nilipomletea chupa nyingine, na ilibidi niitafute kwa yule yule mama wa Kiorma, ambaye alinicheka mpaka akakaa chini. Baiskeli nikampelekea fundi.

Siku ya harusi yetu, zawadi zilipokuwa zinatolewa, shangazi akaja mbele ya watu wote na kikapu kutoka kwa mama mkwe. Ndani mlikuwa na chupa ya samli na kopo la grisi. Mama mkwe alikuwa amekaa kule mwisho, amejifunika leso mpya, anatazama upande mwingine kabisa.

"Nimetumwa," akasema shangazi. "Anasema, mwambieni mwanangu Jillo, ya chupa ni ya wali, ya kopo ni ya baiskeli. Asichanganye tena."

Watu walicheka mpaka ngoma ikasimama. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia neno moja tu, mwanangu, nikainamisha kichwa nikamwambia shangazi, "Mwambie mama, nimesikia."

Baiskeli ninayo bado. Hata upepo anajaza fundi.