Kahawa ya Mama Mkwe na Masalia ya Mafuta

Kazi yangu, katika maabara ndogo hapa Kasese, ni kulainisha masalia mazito ya mafuta ghafi, yale meusi kama lami. Tunayachanganya na unga laini wa salfidi ya metali, tunayapika pamoja na hidrojeni, nayo hugeuka mafuta mepesi.

Jumapili nilimpelekea mama mkwe kahawa ya kuyeyuka kule Bwera, katika kopo linalofanana kabisa na lile la unga wangu wa kazini. Jumatatu, bosi wangu Daktari Biira akinitazama, nilimimina unga kwenye mtambo bila hata kuchungulia. Tulipoufungua baadaye, lami ilikuwa lami ileile.

"Labda masalia haya ni mabaya," nikasema, jasho likinitiririka.

Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe. Glavu zangu zilikuwa zimechafuka, nikaipokea kwa spika.

"Mukwe, ile kahawa yako haiyeyuke! Inakaa tu chini, nyeusi tii. Padri iko hapa, namumiminia."

"Mama, asinywe! Mwaga! Hiyo si kahawa, ni unga wa maabara!"

Nikasikia kikombe kikivunjika. Daktari Biira akainamia mtambo, akanusa.

"Sasa sisi," akauliza taratibu, "tumepika nini humu?"